Kamba ya Kwanza

Portsoy, 5 Septemba 1961

Mama mpendwa,

Nimefika jana jioni, mzima, ila mgongo unaniuma kwa kukaa kwenye treni. Natumai kikohozi chako kimepungua na baba ameipata miwani yake.

Babu ana nafuu kuliko tulivyoandikiwa na Bi Jessie wa jirani. Mguu alioutegua kwenye ngazi za bandari umevimba, lakini mdomo haujaguswa. Nilipobisha alifungua mlango nusu, akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe nani?"

"Rhona, babu. Mtoto wa Ishbel."

"Umekuja kunitazama, au umetumwa unitazame?"

Nikasema nimekuja kupika. Akasema, "Na mama yako, naye ametegua mguu?" Nikapita na sanduku langu.

Asubuhi niliuliza kama anapenda nyama ya nguruwe kwa chai. Mama, hukuniambia! Aliruka na mguu wake mbovu hadi kwenye jiko, akashika mpini wa chuma kwa mikono miwili kuondoa mkosi wa kulitaja jina hilo, akaniuliza kama nataka kuzamisha mashua zote za mji huu. Ana miaka kumi na mitano hajaenda baharini. Tangu sasa nitasema "yule mnyama".

Nalala kwenye kitanda cha ukutani jikoni. Chumba cha nyuma kina kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni. Nilipouliza kama naweza kulala mle, alijibu kwamba mle hamlaliki. Bi Jessie ananiambia kwamba kila Jumatano anakuja bwana mmoja, Dod Mair, na wawili hao wanajifungia mle saa nzima. Aliyasema hayo huku nyusi zimepanda hadi kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Unamfahamu huyo Dod?

Mwanao,
Rhona


Glasgow, 8 Septemba 1961

Rhona mwanangu,

Hapa ni wazima. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Miwani ya baba yako ilikuwa kichwani mwake. Nashukuru umefika.

Unauliza kama namfahamu Dod Mair. Kaa chini. Hili sijawahi kukusimulia lote.

Unajua mjomba wako Innes alizama mwaka wa 1937. Hujui kwamba kwenye mashua walikuwa wawili. Yeye na Dod, wote wana miaka kumi na tisa. Walipinduka pale pale mdomo wa bandari, watu wakitazama. Dod alitoka. Innes alipatikana baada ya siku nne, na akatambuliwa kwa sweta ya buluu niliyomfumia mimi. Mama yetu alikufa Innes akiwa na miaka sita. Nilimlisha mimi, nikamwosha masikio mimi, nikamchapa mimi.

Siku ya maziko nilivaa glavu nyeusi nilizonunua Banff, nikamwambia baba nataka kushika kamba mojawapo ya kushushia jeneza. Sikuomba ya kwanza, ya kichwani, maana hiyo ni ya baba mtu. Niliomba ya pili, ya miguuni. Aliniangalia kama niliyeomba suruali yake. Akasema, "Vua hizo glavu, weka birika motoni. Wanawake hawaendi kaburini." Kamba yangu akampa Dod Mair. Dod, aliyetoka majini peke yake! Nilitazama jeneza likipanda kilima kupitia dirisha la jikoni. Waliporudi niliwamiminia chai wote, na Dod nikammiminia. Kesho yake nikapanda treni.

Niliomba nipewe ile sweta niondoke nayo. Baba alisema ameichoma.

Sasa unaniambia mtu huyo anaingia nyumbani kwetu kila Jumatano na kujifungia kwenye chumba cha Innes. Hicho ndicho chumba cha Innes, ujue. Baba ni mzee, ana nyumba inayotazama bandari, na binti wa pekee hakanyagi mlangoni. Dod anajua hesabu hiyo vizuri sana. Fumbua macho, mwanangu. Nataka kujua anaingia na nini na anatoka na nini. Na usimwonyeshe kwamba unatazama.

Mama yako


Portsoy, 14 Septemba 1961

Mama mpendwa,

Barua yako imenifikia na sikulala vizuri baada yake. Pole mama. Baba naye unisalimie, na nawaombea afya.

Jana ilikuwa Jumatano. Huyu hapa Dod wako: mrefu, kichwa kimeanza kuwa na mvi, hasemi sana, anavua kofia kabla ya mlango kufunguliwa. Aliingia na samaki wawili wa moshi mkono wa kulia, na kifurushi chini ya koti ambacho hakukitoa. Kwanza alimnyoa babu. Nilitaka kumpokea wembe, babu akasema, "Achana nao, mkono wa Dod nimeuzoea." Kisha wakaingia chumbani na kufuli ikalia kwa ndani.

Nilichukua viazi na kisu nikaja kumenyea karibu na mlango. Nilisikia hivi, babu akisema: "Nyembamba zaidi, nimekwambia. Mkono wenyewe si wa mvuvi." Halafu Dod: "Na yeye akijua?" Na babu: "Hatajua mpaka nimekufa." Mama, viazi vilinidondoka. Nikakohoa ili ionekane ni ajali tu.

Dod alitoka bila kifurushi. Nilimkaribisha supu, akakataa kwa adabu, akaniangalia muda mrefu kidogo na kusema nimechukua macho yako.

Kuna lingine. Leo, nikipangusa vumbi, nimekuta karatasi nyuma ya saa. Babu ameshaandika watu wa kushika kamba zake siku ya maziko. Amechora jeneza kwa penseli, pembeni namba moja hadi nane, na majina kwa mwandiko wake mkubwa. Ya pili ni Dod Mair. Ya tatu ni mume wa Bi Jessie, na kuendelea hivyo hadi ya nane. Ya kwanza haina jina. Imeandikwa na kufutwa, ikaandikwa tena na kufutwa, hadi karatasi imekonda ukiiweka kwenye mwanga. Niliielekeza dirishani nione jina. Sikuona kitu.

Ya kwanza kwa kawaida humwendea nani?

Mwanao,
Rhona


Glasgow, 18 Septemba 1961

Mwanangu Rhona,

Mzima mimi, ila nimeunguza mikate ya shayiri mara mbili wiki hii kwa ajili ya barua yako. Wewe jitunze, upepo wa huko si wa kuchezea.

Ya kwanza ni ya kichwani, na ni ya mtoto wa kiume. Hakuna mtoto wa kiume? Basi ni mkwe, au mpwa. Mkwe ni baba yako, ambaye babu yako hajawahi kumwandikia hata kadi ya Krismasi. Mpwa hana. Sasa hebu niambie, mzee anaandika jina na kufuta, anaandika na kufuta, la nani? La mtu anayeona haya kumtaja.

Nimekaa nimefikiri. Kabla ya kumwoa mama yangu, baba alikwenda misimu mitatu Yarmouth kufuata samaki. Misimu mitatu, kijana, mbali na kwao. Kule yuko mtoto wake, nakwambia. Au hayuko kule, yuko hapo hapo. Hebu mtazame Dod vizuri. Ile pua ni ya nani? Baba yako anasema nimechanganyikiwa. Baba yako hata mtu aliyemwibia baiskeli alimshika mkono na kumtakia heri.

"Hatajua mpaka nimekufa." Huyo asiyejua ni mimi! Kuna mwingine gani? Na "mkono wenyewe si wa mvuvi" ni mkono wa mtu wa nyaraka, wakili, karani, nani anajua. Wanatengeneza jambo humo ndani, na litakapotoka mimi nitakuwa nimeshanyang'anywa kwetu, kama nilivyonyang'anywa ndugu yangu siku ile.

Kwa hiyo Dod asiingie tena. Sema babu amelala. Sema lolote. Mzuie mlangoni.

Mama yako


Portsoy, 28 Septemba 1961

Mama mpendwa,

Natumai nyote ni wazima. Mimi mwili mzima, moyo hauko sawa.

Nimefanya ulivyosema. Jumatano ya kwanza nilimwambia Dod kwamba babu amelala. Akasema, "Basi msalimie," akaweka samaki kizingitini akaenda. Jana nilimwambia babu hataki wageni. Hakuondoka mara moja.

"Amesema hivyo yeye?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Bwana Mair."

Alivaa kofia yake akashuka njia ya bandarini polepole. Samaki wake paka wa Bi Jessie ameondoka nao.

Babu hajui kitu. Jumatano zote mbili alikaa pembeni ya dirisha tangu saa nne, beseni magotini, taulo begani, akisubiri kunyolewa. Mimi nilikuwa nakwenda mlangoni kabla Dod hajabisha. Ilipofika saa saba alikunja taulo mwenyewe. Jana aliniuliza, "Mashua zimetoka leo?" Nikasema sijui. Akasema, "Bahari imetulia. Angeweza kuja." Tangu hapo supu haishuki. Anakula vijiko viwili na kusema imetiwa maziwa mengi mno. Ndevu zimemwota, na anaonekana mdogo ndani yake.

Nimeitazama pua ya Dod kama ulivyosema. Ni pua tu, mama. Sijui kama tunafanya vizuri.

Mwanao,
Rhona


Glasgow, 2 Oktoba 1961

Rhona,

Salamu. Sisi wazima.

Usilainike. Baba akitaka jambo hugoma kula, tangu mimi mtoto. Alipotaka mama yangu auze yule bata aligoma siku tatu, na ya nne akamla huyo huyo bata. Shikilia hapo hapo. Akivua ule ufunguo ili anawe, uchukue ukaone mwenyewe.

Supu yake iache kidogo motoni hadi maziwa yashike rangi, na viazi viponde kwa uma, usivikate. Ndivyo anavyoipenda. Usimwambie nimesema mimi.

Hajala kabisa, au anakula ukiwa umegeuka?

Mama yako


Portsoy, 5 Oktoba 1961

Mama,

Leo sitauliza habari za kikohozi, nitauliza mwishoni.

Jana Jumatano babu hakungoja. Aliamka, akachukua wembe akajinyoa mwenyewe, na mikono ile inavyotetemeka akajikata kidevuni. Nilikimbia na kitambaa. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye ufunguo. Ningeweza kuuchukua pale pale, kwa kisingizio cha kuusafisha. Nikashindwa.

Nikasema, "Babu, Dod hakuacha kuja. Nilimfukuza mimi. Nilidanganya."

Alikibonyeza kitambaa kidevuni. "Wewe au mama yako?"

"Wote wawili."

Nilidhani atanifukuza. Alicheka, mama, akacheka hadi kidonda kikafunguka tena. "Huyo ni mwanangu kabisa," akasema. "Mimi ningekuwa yeye nisingeniamini." Akavua ufunguo akanipa mkononi.

Hamna karani mle ndani. Hamna nyaraka. Kuna kitanda cha mjomba Innes kimetandikwa, na ukutani misumari minane, na kila msumari una kamba. Hataki kushushwa kwa kamba za duka. Anazisokota mwenyewe, nyeusi, na Dod ndiye anayeleta nyuzi na kukaza mafundo pale vidole vya babu vinapogoma. Saba ni nene. Moja ni nyembamba, na mahali pa kushikia pamezungushiwa sufu ya buluu, laini, safu juu ya safu. Kwenye kiti kuna sweta. Mikono yake miwili imefumuliwa hadi kwenye kiwiko.

Hakuichoma, mama.

Nikamwuliza hiyo ni ya nani. Akasema, "Mkono gani mwembamba nimebakiwa nao duniani?"

"Sasa mbona kwenye karatasi unafuta jina lake?"

"Naandika, namwona anavyosema hapana, nafuta."

"Si umwandikie barua umwulize?"

"Nikimwuliza atajibu. Nikiwa nimekufa, kadi yenye namba ya kamba yake atapelekewa na seremala wa majeneza, na hiyo hapana yake mimi sitaisikia."

Basi "hatajua mpaka nimekufa" ilikuwa hiyo.

Nilikwenda kwa Dod kuomba radhi. Alikuwa anatengeneza mitego ya kaa nje ya nyumba yake, hakuacha kazi. Aliniambia babu alimpa ile ya kwanza mwaka jana, akaikataa. Alisema: "Siku ya Innes nilishika kamba isiyo yangu. Nilimwona mama yako dirishani na glavu zake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naogopa kila mtu, sikuwa na ubavu wa kumwambia babu yako hapana. Sasa ninao." Kisha akanawa mikono, akachukua wembe wake, tukarudi wote. Babu amekula bakuli mbili.

Nakutumia uzi kidogo ndani ya bahasha hii. Najua hutaniamini mimi.

Njoo. Seremala asikutangulie.

Na kikohozi je?

Mwanao,
Rhona


Glasgow, 16 Oktoba 1961

Rhona,

Sisi wazima. Umengoja barua hii, najua.

Uzi umekaa juu ya meza siku nane. Kwanza nilisema ni wa dukani. Halafu nikasema ni wa sweta nyingine, watu wangapi wanavaa buluu huko. Halafu nikasema Dod ndiye aliyewapanga, akijua nitalainika. Jana baba yako alitaka kuutumia kufungia kifurushi nikampigia kelele hadi majirani wakagonga ukuta. Basi nikajua mwenyewe ninachoamini.

Lakini sikiliza, na umsomee haya kwa sauti, maana anajifanya kiziwi. Mimi sipokei kamba kutoka kwa seremala. Mtu aliyeninyima akiwa ananitazama usoni, anipe akiwa ananitazama usoni. Asije akajificha kwenye jeneza. Aniombe kwa mdomo wake, na nikitaka kusema hapana atakaa pale aisikie.

Nafika Ijumaa na treni ya mchana. Wewe kazi yako inakungoja huku, tutapishana. Usimwache Dod aje stesheni. Au mwache aje. Sanduku ni zito.

Mama yako


Portsoy, 6 Februari 1962

Rhona mwanangu,

Natumai wewe na baba yako ni wazima na mnakula kitu kingine zaidi ya mkate. Mimi mwaka huu usingizi nimeukosa hadi nimezoea.

Babu yako amefariki leo asubuhi, wakati natia makaa. Aliomba chai, nikageuka kuiweka, na nilipomgeukia hakuwepo. Uso umenyolewa vizuri, Dod alikuwa hapa jana. Nimelia, na sasa nakuandikia kabla ya watu kuja.

Sijakusimulia namna alivyoniomba, maana kila nilipoanza barua nilishindwa. Siku niliyofika alikaa kwenye kiti chake akaniangalia kofia hadi viatu. Nikasema, "Haya." Akasema, "Haya nini?" Nikasema, "Unalo la kuniambia." Alihangaika na soksi yake, akahangaika na mpini wa jiko, halafu akasema, "Ishbel, nilikosea siku ile. Nishike kichwa." Nilikuwa nimetayarisha hapana moja kubwa tangu Glasgow, miaka ishirini na minne nimeitayarisha. Ikanitoka ndiyo.

Baada ya hapo sikupumzika. Alisema sijui kushusha kitu, nitamwangusha. Wakajaza sanduku la zamani mawe, yeye na Dod, na kila siku isiyo na mvua tulikuwa uani na kamba, mimi kichwani, Dod miguuni, yeye kwenye kiti na blanketi anapiga kelele: "Legeza, usitupe! Mimi si gunia!" Bi Jessie alikuwa anatazama juu ya ukuta. Habari zikafika kanisani, akaja mzee wa kanisa kumwambia kwamba jambo hili halijawahi kutokea Portsoy. Babu yako akamwambia, "Wala mimi sijawahi kufa."

Nilimshuku hadi mwisho, nikwambie ukweli. Alivyokuwa anakula, nilisema huyu hafi, ametudanganya ili apate mpishi. Natamani ningekuwa sahihi.

Seremala ameleta kadi sasa hivi, na yako ninaitia humu. Maziko ni Jumamosi, na treni ya Ijumaa itakufikisha. Kwenye kamba ya kwanza pana jina langu, safari hii babu yako aliliandika kwa wino. Tazama ya nane. Ilikuwa ya rafiki yake aliyemtangulia wakati wa Krismasi. Alifuta, akafikiri, akaniuliza jina lako linaandikwaje kamili. Hii ya kwako ni nene, hatukuwahi kuipunguza, lakini utaiweza. Siku ya Ijumaa nitakufundisha na lile sanduku la mawe.

Birika Dod amesema ataliweka motoni mume wa dada yake, maana mtu lazima abaki.

Njoo na koti zito. Glavu usinunue.

Mama yako